Je, wajua waimbaji wa Broadway huimbaje mara nane kwa wiki bila kukaukiwa na sauti?

Kwenye harusi ya taarab mwimbaji husimama, hutoa nyimbo zake mbili tatu, hutuzwa, kisha hurudi kuketi ili mwenzake ashike zamu. Mwigizaji mkuu wa maigizo ya nyimbo kule Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo mjini New York, hana raha hiyo. Huimba, hucheza na kusema kwa saa mbili na zaidi, na ratiba ya kawaida humtaka afanye hivyo mara nane kwa wiki, siku nyingine mchana na usiku. Hupumzika siku moja, mara nyingi Jumatatu. Mchezo ukipendwa, mambo huwa hayo hayo kwa miaka: Howard McGillin aliigiza nafasi kuu ya The Phantom of the Opera zaidi ya mara 2,500.

Sasa hilo ni koo la namna gani? La kawaida tu, kama langu na lako. Ndani ya kikoromeo mna nyuzi mbili za sauti, nyama laini ambazo hata kwa mtu mzima hazifiki sentimita tatu. Hewa ikitoka mapafuni huzitikisa zikagongana. Mwanamke akizungumza, hugongana mara 200 hivi kwa sekunde. Soprano, yaani mwimbaji wa sauti ya juu kabisa ya kike, akipanda kileleni, ni zaidi ya mara 1,000 katika sekunde hiyo hiyo moja. Mkulima anayeshika jembe kutwa huota sugu kiganjani, na nyuzi zinazogonganishwa kwa nguvu nazo huota vinundu, sauti ikaanza kukwaruza. Dawa si rahisi kila mara. Julie Andrews, aliyeng'ara Broadway mwaka 1956 katika My Fair Lady, alifanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti mwaka 1997, na ile sauti yake ya kuimba haikurudi tena.

Kwa hiyo mwimbaji wa kazi hii hufundishwa mapema kutopiga kelele. Utashangaa, maana ukiwa kiti cha nyuma kabisa unamsikia kama anayepasua koo. Ujanja uko kwenye pumzi na kinywa: misuli ya mbavu na tumbo huipima hewa inayotoka, nalo koo na kinywa hupangwa ili sauti ivume kama ndani ya mbiu. Siku hizi pia kuna kipaza sauti kidogo kilichofichwa kwenye nywele au ukingoni mwa wigi, karibu na paji la uso. Enzi za mwimbaji Ethel Merman, miaka ya 1930, hakikuwepo. Sauti ilivuka okestra kwa nguvu zake yenyewe.

Halafu kuna maji. Wanakunywa kutwa, lakini si ili yaoshe nyuzi. Maji hayapiti huko, yakipita, umepaliwa! Hutangulia kuzunguka mwilini ndipo unyevu ufike kooni, kwa hiyo glasi ya dakika ya mwisho haisaidii sana. Kinachozigusa nyuzi moja kwa moja ni mvuke, na ndiyo maana wengi huuvuta kabla pazia halijafunguliwa. Wengine huimba ndani ya mrija wa soda. Ukiwaona utacheka, ila hewa inayozuiliwa na mrija huzisaidia nyuzi zitikisike bila kuumizana. Kupasha sauti moto namna hiyo ni lazima hasa kwa anayeigiza mhusika Rafiki katika The Lion King, mchezo uliofika Broadway mwaka 1997. Yeye ndiye hufungua onyesho kwa mwito mkali, bila wimbo laini wa kuanzia. (Jina lake ni la Kiswahili, lakini mwito wenyewe ni Kizulu.)

Onyesho likiisha, ni kimya. Kuzungumza kwa kushindana na kelele za baa kunaweza kulichosha koo kuliko jukwaa lenyewe, na wengi hukwepa hata kunong'ona.

Mbinu zote hizo zina kikomo, na kwangu siri kubwa zaidi ni watu ambao jina lao halipo kwenye bango. Patti LuPone alipoigiza Evita mwaka 1979, maonyesho ya mchana yalichukuliwa na mwenzake. Mwigizaji wa Christine, nafasi kuu ya kike ya The Phantom of the Opera, naye kwa desturi aliimba mara sita kwa wiki hadi mchezo huo ulipofungwa Broadway mwaka 2023, na mwimbaji mwingine alimalizia mbili. Kuna pia waigizaji wa akiba, na kuna wale ambao wapenzi wa soka wangewaita viraka: hukariri nafasi nyingi, wakasubiri nyuma ya jukwaa mtu augue.

Desemba 2021, Sutton Foster alipopatwa na Korona, zamu ilimfikia kiraka Kathy Voytko katika The Music Man, mchezo ambao nyota wake mwingine alikuwa Hugh Jackman. Aliambiwa saa sita mchana kwamba usiku huo yeye ndiye mwigizaji mkuu wa kike. Saa saba alifanya mazoezi yake ya kwanza ya nafasi hiyo. Usiku, watu wakishangilia mwishoni, Jackman aliwanyamazisha ili awaeleze kwamba mwanamke huyu alipoingia kazini siku hiyo angeweza kupewa nafasi yoyote kati ya nane.