Kongosho dogo kwa mwanamke si ugonjwa

Mume na mke wa Mbagala wanaweza kupimwa altrasaundi kituo kimoja, kisha jioni wakaweka majibu mezani. Kongosho, kile kiungo cha tumboni kinachotengeneza insulini na vimeng'enya vya kusaga chakula, la mume ni kubwa, la mke dogo. Hapo maneno yanaanza: "Shemeji, kongosho lako limesinyaa, kisukari kiko njiani." Inaniuma kuona mtu mzima wa afya akikosa usingizi kwa maneno hayo.

Ukweli ni kwamba, kwa wastani, kongosho la mwanamume lina ujazo mkubwa kuliko la mwanamke. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na ukubwa wa mwili. Tena vipimo vya jinsia hizi mbili vinaingiliana sana: wapo wanawake wengi wenye kongosho kubwa kuliko la wanaume wengi. Umri nao una nafasi yake. Kongosho hukua mpaka ujanani, hutulia kwa miaka mingi, na baada ya miaka 60 hivi huanza kupungua, kwa wanawake na wanaume vilevile. Kwa hiyo bibi wa miaka 75 asilinganishwe na mjukuu wake wa kiume.

Wengine hudhani ukubwa ndio wingi wa insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu. Sivyo. Seli zinazotengeneza insulini ziko katika vikundi vidogo vya seli viitwavyo visiwa, ambavyo ni asilimia 1 hadi 2 tu ya kongosho. Sehemu kubwa iliyobaki hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula. Ni kweli kwamba wenye kisukari cha aina ya kwanza huwa na kongosho dogo kwa wastani, lakini kisukari hutambuliwa kwa kupima sukari kwenye damu, si kwa rula ya altrasaundi.

Na rula yenyewe ina mipaka. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, na gesi huziba picha. Ndiyo maana unaambiwa uje bila kula. Pembe ya kipimo ikibadilika, milimita nazo zinabadilika. Siti skani (CT scan) huonyesha vizuri zaidi.

Daktari anaangalia zaidi kama kuna uvimbe, majimaji kuzunguka kongosho, au mfereji wake mkuu uliopanuka. Na ukiona macho ya manjano, uzito unashuka bila sababu, au maumivu ya tumbo la juu yanayopenya mpaka mgongoni, nenda hospitali haraka, hata kama karatasi imeandika ukubwa wa kawaida.