A/T kwenye tairi: maana yake, na kama gari lako la lami linaihitaji

Ukienda dukani hapa Mtwara na Prado au Harrier kutafuta matairi, utaulizwa: unataka ya lami au A/T? Wengi hujibu A/T bila kufikiri, kwa sababu Kusini kuna mchanga, kuna vumbi, na mvua zake tunazijua. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya ardhi ya kila aina. Muuzaji anaposema A/T, mnunuzi husikia tairi lisilokwama. Tairi la namna hiyo halijatengenezwa.

A/T ni tairi la katikati. Upande mmoja kuna H/T, tairi la barabara kuu, lenye kashata (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) zilizokaribiana na mifereji myembamba. Upande wa pili kuna M/T, la matope, lenye kashata nene zilizoachana kama meno ya kibogoyo. A/T limekaa kati ya hao wawili: nafasi kati ya kashata ni kubwa kuliko ya H/T ili changarawe na tope zipate pa kupita, lakini si kubwa kama ya M/T, ili mpira wa kutosha uendelee kugusa lami. Kila unachoongezewa porini umekatwa mahali fulani barabarani. Hata zenyewe kwa zenyewe hazifanani: kuna A/T za upole ambazo ukizitazama kwa mbali utadhani H/T, na kuna zenye meno mpaka mabegani.

Niliwahi kufunga hizo za meno kwenye Prado. Nisidanganye, nilizipenda kwa sura. Mwezi wa kwanza gari lilionekana la mjomba mwenye pesa. Kisha nikaanza kusikia mvumo. Mtwara mpaka Lindi ni kilomita mia na kidogo, lami tupu, na mvumo ule ulianza nilipopita Mikindani ukaniacha nilipozima gari. Kashata kubwa zinapogonga lami moja moja hutoa sauti, na zikianza kulika kwa mshazari sauti huongezeka. Dawa yake ni kuzungusha matairi, la mbele lende nyuma, kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Nilichelewa, nikalipa kwa masikio.

Mvumo utauzoea. Mambo mawili yanayofuata hayazoeleki. La kwanza ni mafuta: tairi zito lenye kashata ndefu hujikunja na kujikunjua zaidi linapobingirika, na nguvu hiyo inatoka kwenye tanki lako. La pili ni breki kwenye lami iliyolowa. Mpira unaogusa barabara ni mchache, kwa hiyo A/T za meno kwa kawaida husimama mbali kidogo kuliko H/T nzuri. Mteremko, mvua ya Januari, bodaboda amekatiza mbele yako: hapo ndipo mita hizo chache huonekana.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, piga hesabu ya mwaka wako. Chukua mtu anayeishi Mtwara mjini. Anazunguka kilomita 15 kwa siku, siku 300: hizo ni 4,500. Anakwenda Dar es Salaam mara 6 kwa mwaka, kilomita 560 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi: 6,720. Shamba lake la korosho liko ndani huko Tandahimba, na kipande cha vumbi na njia ya shamba ni kilomita 60 kwenda na kurudi. Akienda mara 20, ni 1,200. Jumla ni 12,420, na kilomita zisizo za lami hazifiki hata moja katika kila kumi. Mtu huyu ukimuuliza barabarani atakuambia, "Mimi gari langu ni la porini."

Sisemi hizo 1,200 hazina uzito. Nasema tuziangalie vizuri: ni ardhi ya namna gani, na tairi linasaidia nini pale?

Tuanze na mchanga, maana ndio unaowakwamisha wengi. Nenda ufukwe wa Msimbati siku ya mapumziko utaona maonyesho. Gari limevaa A/T mpya zinazong'aa, dereva anakanyaga mafuta, matairi yanachimba, na baada ya dakika gari limelalia tumbo. Vijana wa pale wamezoea. Mmoja huja na kijiti, anachuchumaa kwenye gurudumu, anabonyeza kisindano cha vali, upepo unatoka shiii. "Kaka, tatizo si gari, tatizo upepo." Yuko sahihi kabisa. Kwenye mchanga mkavu unataka kuelea juu, si kuchimba. Ukishusha upepo kutoka PSI 32 mpaka 18 hivi, tairi linatandaza unyayo wake, hasa kwa urefu, na uzito wa gari unagawanyika. H/T iliyoshushwa upepo itapita mahali ambapo A/T yenye 32 imezama. Masharti ni matatu: mwendo wa pole, usikate kona kwa nguvu kwa sababu ukingo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu, na ujaze upepo kabla hujarudi kwenye lami, la sivyo ubavu unaojikunja sana utapata joto na tairi litapasuka. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari mara nyingi ni rahisi kuliko tofauti ya bei kati ya H/T na A/T.

Tope la udongo mweusi wa mbuga, lile linaloshika mpaka ndala ikabaki nyuma, ni habari nyingine. Hapo A/T hushindwa haraka: nafasi zake hujaa, haziwahi kujisafisha, na tairi linageuka duara la tope lisilo na kashata. M/T hujitahidi. Wenye akili husubiri jua.

Mahali A/T inapostahili fedha yake ni pawili. Changarawe na mawe ni pa kwanza, kwa sababu mpira wake hustahimili kukatwakatwa. Pa pili hapasemwi sana dukani, ila kila mwenye mikorosho anapajua: visiki. Shamba likishafyekwa, vichaka vilivyokatwa kwa panga huacha ncha za mshazari, kali, zimejificha kwenye majani makavu. Ukipita, hazitobowi sehemu ya kashata, zinachoma ubavu. Na ubavu ukichomwa, fundi wa pancha ataangalia, atatikisa kichwa, na atakuwa sawa. Pancha ya kashata huzibwa. Ya ubavu haizibwi kwa usalama, kwa sababu pale tairi linajikunja kila mzunguko. A/T nyingi zina ubavu mnene zaidi. Nikiwa na shamba la visiki ningenunua A/T kwa ajili ya ubavu, si kwa ajili ya kashata, na ningechagua zile za upole.

Sasa usomaji wa ubavu wenyewe, maana hapo ndipo mtu huuziwa kisicho chake. Chukua 265/65R17 112S, saizi ya Prado nyingi. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, asilimia ya upana huo. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 112 ni namba ya mzigo, inayosomeka kilo 1,120 kwa tairi moja, na S ni mwendo wa juu wa kilomita 180 kwa saa. Ukiambiwa "hii 70 itaingia tu, gari litapanda juu," ni kweli litaingia, lakini mduara umekua kwa zaidi ya asilimia 3: mshale ukionyesha 80 wewe unakwenda karibu 83. Trafiki mwenye tochi hatasikiliza habari za kimo cha ubavu.

Ukiona LT mbele ya namba, hilo ni tairi la jamii ya pikapu na malori madogo. Lina nyuzi nyingi zaidi ndani, ni gumu, na linahitaji upepo mwingi zaidi kubeba mzigo uleule, kwa hiyo kile kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva hakilihusu moja kwa moja. Kwa anayebeba magunia kila siku ni sawa. Kwa familia ya watu watano, kila rasta ya barabarani itawafikia kiunoni.

Kuna pia alama ya M+S, matope na theluji, ambayo mtengenezaji huiweka kwa kuangalia umbo la kashata tu. Kile kichoro cha mlima wenye vilele vitatu ndicho kinachotokana na jaribio, nalo ni jaribio la theluji. Muuzaji mmoja aliwahi kunionyesha kichoro hicho kwa fahari kubwa, jasho likimtiririka, saa nane mchana.

Kwa RAV4, Harrier na wenzao wanaogawa nguvu magurudumu yote bila dereva kuamua, usinunue mawili. Matairi yakitofautiana saizi au ulikaji, magurudumu huzunguka kwa kasi tofauti, na kifaa cha kugawa nguvu hufanya kazi pasipo sababu mpaka kichoke. Yanunuliwe manne yanayofanana.

Ubavuni pia kuna mstari unaoanza na herufi DOT, na mwisho wake kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi likifika miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na lisivuke 10 hata kama kashata zimejaa, kwa kuwa mpira huzeeka ukiwa umesimama pia, na jua letu halisaidii. Ukisoma hayo manne, inama usome na la spea. La kwangu nililikuta limeandikwa 4107. Lilikuwa na kashata zote, halijakanyaga chini hata siku moja, na lilikuwa limemzidi umri mtoto wangu wa pili.