Methadone sio "unga wa serikali" jamani

Ile meseji ya kwamba methadone, dawa ya kliniki ya kumtibu mraibu wa heroini, ni kumbadilishia teja unga mmoja kwa mwingine imerudi tena kwenye magrupu. Naelewa inakotoka, maana methadone nayo iko familia moja na heroini, na ukipita karibu na kliniki unamkuta mtu anasinzia, mara nyingi kachanganya na vidonge vingine au pombe.

Ila kazi yake ni tofauti. Inanywewa, haichomwi sindano, inakaa mwilini kama siku nzima, arosto (yale maumivu ya kukosa unga) inakata na kwa dozi sahihi mtu halewi, anaenda zake kazini. Tanzania inatolewa tangu 2011. Nenda asubuhi kaangalie dirishani kliniki: nesi anampa kikombe, anakunywa palepale, anasemeshwa kidogo ihakikishwe kameza. Uraibu wa pombe haitibu, hilo lijulikane.

Na sio dawa tu, kuna soba hausi (nyumba za kukaa wanaoacha unga), kuna vikao vya waliowahi kutumia, kuna ndugu wa kumsindikiza. Sasa mtu kaanza dozi, shangazi anamforwadia hiyo meseji, anaacha ghafla, arosto inarudi na kesho yuko maskani anatumia unga tena. Ikikufikia usiisambaze, muulize nesi wa kliniki kwanza.