Pampu ya insulini na kihisi cha sukari: ni vitu gani, na kwa nini seringi haitupwi

Pampu ya insulini ni kifaa cha kuvaliwa, kinaingia mfukoni au kinafungwa kiunoni, kinachomtilia mgonjwa wa kisukari insulini chini ya ngozi mchana na usiku. Kihisi cha sukari ni kifaa kingine: kinabandikwa kwenye mkono wa juu au tumboni, kina uzi mwembamba unaokaa chini ya ngozi, na kinapeleka kipimo kwenye simu au kwenye pampu kila dakika 1 au 5, kutegemea aina. Watu huvichanganya. Kihisi kinapima, pampu inatia, na mtu anaweza kuvaa kimoja bila kingine.

Jambo linalopaswa kueleweka kabla ya mengine yote ni hili: ndani ya pampu mna insulini ya haraka peke yake, yaani lispro, aspart au glulisine. Anayejidunga kwa seringi kwa kawaida hutumia mbili, ya polepole inayomlinda kwa saa nyingi na ya haraka ya chakula. Pampu haina ya polepole. Inadondosha ile ya haraka kidogo kidogo, saa 24, na mdondoko huo ndio unaoitwa kiwango cha msingi. Ukitaka kula, unabonyeza na kuongeza dozi ya mlo. Maana yake mwilini hamna akiba. Insulini ya haraka hufanya kazi saa 3 hadi 5 hivi, kisha kwisha. Pampu ikiacha kutia saa mbili usiku na mtu akalala bila kujua, alfajiri anaweza kuamka anatapika, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, damu imeanza kuwa na asidi. Hali hiyo inaua.

Hesabu ya kiwango cha msingi hufanywa na daktari, lakini ni vizuri mgonjwa ajue inatoka wapi. Chukua mtu anayejidunga uniti 40 kwa siku. Akihamia pampu, dozi mara nyingi hupunguzwa kwa robo hivi, inabaki 30. Nusu yake, 15, inakuwa ya msingi: gawa kwa 24, unapata kama uniti 0.6 kwa saa. Nusu nyingine ni ya milo. Kujua uniti 1 inabeba wanga kiasi gani, wengi huanza na 500 gawa kwa dozi ya siku: 500 kwa 30 ni kama gramu 17. Kujua uniti 1 inashusha sukari kiasi gani, 1800 gawa kwa 30: mg/dl 60, yaani miligramu 60 katika kila desilita ya damu, na namba zote za sukari humu ni za kipimo hicho. Hizi ni namba za kuanzia tu. Baada ya wiki mbili za kupima zitakuwa zimebadilika.

Vipande vyenyewe ni vitatu: kichupa cha pampu kinachobeba uniti 160 hadi 300 kutegemea aina, mrija, na kanula, yaani kibomba laini cha milimita 6 au 9 kinachoingia chini ya ngozi. Kanula inabadilishwa kila siku 2 au 3. Kabla ya kujaza kichupa, toa flakoni, yaani chupa ndogo ya insulini, kwenye frigo mapema ili ubaridi uishe. Insulini baridi ikipata joto ndani ya kichupa hutoa viputo vya hewa, na kiputo kinapopita kwenye mrija, mwili unapewa hewa mahali pa dawa. Jaza mrija hadi tone lionekane kwenye ncha, na wakati huo mrija usiwe umeunganishwa mwilini. Soma flakoni: iwe imeandikwa 100 UI/ml, yaani uniti 100 katika kila mililita. Insulini ya mawingu, kama NPH au mchanganyiko wa 30/70, haiingii kwenye pampu kamwe.

Badilisha kanula asubuhi au mchana kabla ya kula, si wakati wa kwenda kulala. Kanula ikijikunja chini ya ngozi, sukari itaanza kupanda ndani ya saa 2 au 3, na ni afadhali ikupate uko macho. Wengi hudhani pampu itapiga kengele. Kwa mrija ulioziba itapiga, lakini kwa mdondoko wa 0.6 kwa saa shinikizo linaweza kuchukua saa kadhaa kufikia kiwango cha kengele. Na kanula ikiwa imechomoka nje ya ngozi, hakuna shinikizo lolote: pampu inaendelea kutia, insulini inalowesha sparadra, na skrini inasema kila kitu kiko sawa. Hapo pua inasaidia kuliko kifaa. Insulini ina harufu kali ya dawa, kama chumba cha hospitali kilichotoka kusafishwa. Ukiinusa kiunoni, fungua uangalie.

Kanuni inayotumika: sukari ikipita 250 bila sababu, rekebisha kwa pampu mara moja. Baada ya saa moja au mbili isiposhuka, acha kuiamini pampu. Pima ketoni, yaani asidi inayojaa kwenye damu mwili ukikosa insulini, jidunge dozi ya kurekebisha kwa seringi, kisha weka kichupa, mrija na kanula vipya. Kunywa maji. Ketoni za damu zikifika mmol/l 3, au mtu akianza kutapika, ni hospitali.

Kihisi nacho kina tabia zake. Hakipimi damu, kinapima maji yaliyo kati ya seli, kwa hiyo huwa nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 15. Sukari ikishuka mbio, simu inaweza kuonyesha 85 huku damu imeshafika 65. Mwili ukitetemeka na kutoa jasho, pima kidole kwa glukometa usibishane na simu. Kinyume chake hutokea usiku: ukilalia mkono wenye kihisi, namba inaanguka ghafla na kengele inalia, ukigeuka inapanda yenyewe. Vidonge vya vitamini C kwa wingi hupandisha namba kwa uongo katika baadhi ya vihisi. Katika vingine ni paracetamol, kwa hiyo soma karatasi ya kihisi chako. Kipimo kinafika kwenye simu bila intaneti. Megabaiti zinahitajika tu kama mzazi aliye kazini anataka kuona sukari ya mtoto aliye shuleni.

Shabaha ya watu wazima wengi ni kukaa kati ya 70 na 180 kwa zaidi ya asilimia 70 ya siku, na chini ya 70 kusizidi asilimia 4. Ikishuka chini ya 70, kula gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu vidogo vilivyojaa kwenye maji, na subiri dakika 15 upime tena.

Upande wa chakula, vitabu vya maelekezo vinazungumzia mkate na pasta, na bukari, yaani ugali, haimo. Njia ya kuaminika ni mizani ya jikoni. Unga wa mahindi una wanga kama gramu 75 katika kila 100, wa muhogo unazidi kidogo. Ukipika gramu 400 za unga wa mahindi, sufuria nzima ina wanga kama 300. Pima bukari iliyoiva: ikiwa ni gramu 1,200, kila gramu 100 ina wanga 25. Tonge la gramu 250 ni wanga 62, na kwa yule wa uniti 1 kwa gramu 17, ni uniti 3.6. Nyumba inayopika bukari ngumu namna ileile kila siku haihitaji kupima tena na tena. Sombe ya mawese na karanga ina wanga kidogo, ila mafuta yanachelewesha chakula. Ukitia dozi yote mara moja sukari inashuka kwanza, kisha inapanda usiku. Pampu inakuruhusu kugawa, kwa mfano asilimia 60 sasa na 40 kwa saa 2 zinazofuata. Munkoyo, kinywaji cha mahindi, uliotiwa sukari uhesabiwe kama soda. Lutuku ni hatari ya aina nyingine: pombe inazuia ini kutoa sukari, na kushuka kunakuja saa nyingi baadaye, mtu amelala.

Mwezi wa kumi Lubumbashi kuna joto, na mtu anayepika akiinamia mbabula, jiko la makaa, anapasha mrija pamoja na chungu. Upitishe ndani ya nguo. Pampu yenyewe usiiache juani wala ndani ya gari. Umeme ukikatika siku nzima, flakoni inayotumika haihitaji frigo: chini ya nyuzi 30 (25 kwa glulisine) inadumu siku 28. Zile za akiba ziweke kwenye vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine na mchanga uliolowa katikati, kivulini. Kiangazi vinapoza vizuri. Masika, hewa ikiwa na unyevu, havifanyi kazi sana. Pampu ya kuchajiwa ichajiwe kila umeme unaporudi, usingoje ifike asilimia 10.

Kuna pampu zinazosoma kihisi na kujirekebisha zenyewe. Ya kwanza ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2016. Zinasaidia hasa usiku. Bado mlo unatangaziwa pampu na aliyevaa, na kanula iliyochomoka inazishinda vilevile.

Anayekwenda Likasi au Kasumbalesa abebe kanula mbili, kichupa, betri au chaja, glukometa na bandeleti zake za kupimia, sukari, flakoni na seringi. Abebe pia karatasi yenye viwango vya msingi vya kila saa, uwiano wa wanga, na dozi ya insulini ya polepole ambayo daktari wake amekubali aitumie pampu ikifa, kwa sababu pampu ikizimika moja kwa moja namba hizo zinazimika nayo.