Kompyuta ya bei nafuu nyumbani: pa kubana fedha na pasipofaa kubana

Swali linalofika mara nyingi katika kitengo chetu cha TEHAMA hapa Mwanza, kutoka kwa wazazi, walimu na wafanyabiashara wadogo, ni namna ya kupata kompyuta ya nyumbani kwa fedha kidogo. Linalofuata miezi michache baadaye, mara nyingi kutoka kwa mtu yuleyule, ni kwa nini kompyuta hiyo imejaa virusi au haiwaki kabisa. Maswali haya yana uhusiano wa karibu, kwa sababu usalama wa kompyuta ya bei nafuu huamuliwa kwa sehemu kubwa siku inaponunuliwa na kuunganishwa. Zipo sehemu ambazo mtu anaweza kubana fedha bila kudhurika, na zipo tatu ambazo akizibana atalipa baadaye: diski, umeme na mfumo endeshi (programu kuu inayoiendesha kompyuta, kama Windows).

Pa kubana ni kasha na vilivyomo ndani yake, yaani bodi mama (ubao mkuu unaounganisha sehemu zote) na prosesa (chipu inayofanya hesabu zote). (Wauzaji wetu huliita kasha zima CPU, ingawa CPU hasa ni hiyo prosesa peke yake, ukiwa dukani zungumza lugha yao, usibishane.) Kompyuta za mezani zilizotumika maofisini, kama vile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, zilitengenezwa kwa kazi ya kutwa nzima na hufunguka bila taabu. Kununua vipuri vipya kimoja kimoja kunafurahisha, lakini kwa matumizi ya kuandika, kujifunza na kufanya hesabu za duka, kasha la mtumba lililokarabatiwa vizuri hugharimu kidogo zaidi na hutosha.

Soma jina la prosesa kabla ya kuuliza bei. Katika i5-4570, tarakimu ya kwanza baada ya kistari inaonyesha kuwa ni ya kizazi cha nne. I5-8500 ni ya kizazi cha nane. Tofauti hiyo ina maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa Windows 11 hukubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya kizazi cha nne si ya kutupa, lakini itahitaji mfumo mwingine, nami nitaueleza hapa chini.

Mwombe muuzaji afungue kasha mbele yako. Tazama kapasita kwenye bodi mama, vile vimikebe vidogo vilivyosimama: kimoja kikiwa kimevimba kichwani, acha mashine hiyo. Kisha iwashwe na uingie kwenye mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoamka kabla ya mfumo endeshi), kwa sababu mashine za ofisini wakati mwingine huja zikiwa zimefungwa kwa nenosiri la mwenye mali wa zamani, na kuliondoa kunaweza kuwa kazi kubwa. Angalia pia aina ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kwani DDR3 haiingii mahali pa DDR4; jumla ya GB 8, ikiwezekana katika vipande viwili vya GB 4, inatosha. Jambo la mwisho ni kifaa cha kusambaza umeme ndani ya kasha: baadhi ya mashine za Dell na HP hutumia plagi za umbo lao wenyewe, kwa hiyo kifaa hicho kikiungua, kile cha kawaida kinachouzwa madukani kinaweza kisiingie.

Mtu mwenye shilingi 600,000 ningemshauri asimalize zaidi ya 350,000 kwenye kasha, monita na kibodi, ili kinachobaki kiende kwenye SSD (diski ya kisasa) na UPS (kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika). Diski ngumu ya zamani ina sahani inayozunguka na kichwa kinachosoma karibu sana na sahani hiyo, na umeme unapokatika ghafla huumia. SSD haina kinachozunguka, na husoma kwa kasi mara kadhaa zaidi. Hata SSD ndogo ya GB 240, ikiwa mpya, huifanya mashine ya miaka kumi iwake kwa muda mfupi kiasi cha kumshangaza mwenyewe. Kabla ya kuifunga SSD hiyo ndani ya kasha, chomoa waya wa umeme na uguse chuma cha kasha, ili umeme tuli wa mwilini usiunguze chipu.

Kuhusu umeme, sisi wa kandokando ya ziwa tuna sababu ya ziada ya kuwa makini. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya Afrika yenye radi nyingi, hasa usiku, upepo kutoka nchi kavu za pande zote unapokutana juu ya maji yaliyo na joto na kuzaa mawingu ya mvua. UPS humpa mtumiaji dakika za kuhifadhi kazi na kuzima mashine taratibu, na hupunguza madhara ya umeme unaorudi kwa kishindo, lakini haiwezi kuzuia radi iliyopiga karibu. Ngurumo zikianza, chomoa plagi ukutani, na kama una ruta iliyounganishwa kwa waya, chomoa na waya huo, kwani radi huingia huko pia. Hakikisha fundi umeme amepima ethi ya nyumba, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Nimeona soketi nyingi zenye matundu matatu ambazo tundu la ethi halijaunganishwa na kitu chochote. UPS ya mtumba usiinunue bila kuijaribu kwa kuchomoa umeme huku kompyuta ikiwa inafanya kazi, kwa kuwa betri yake huchoka baada ya miaka michache na nje haionyeshi dalili yoyote.

Sasa mfumo endeshi, ambapo ndipo watu wengi hujiangusha. Kompyuta ya mtumba kwa kawaida huuzwa ikiwa tayari imepigwa Windows, kama mafundi wanavyosema, na mara nyingi Windows hiyo imefunguliwa kwa programu ya kukreki (ya kukwepa leseni) ambayo, ili ifanye kazi, hutaka kwanza antivirusi izimwe. Anayekubali sharti hilo amempa mtu asiyemjua funguo za nyumba, kisha anaingiza humo nenosiri la barua pepe na la benki. Kwa hiyo futa diski yote, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni safi, na uweke mfumo upya kwa flashi uliyoiandaa mwenyewe kutoka kwenye tovuti rasmi. Mashine ya kizazi cha nane iwekewe Windows 11 yenye leseni. Ya zamani zaidi iwekewe Linux Mint, ambayo ni ya bure kihalali, huja na LibreOffice ya kuandikia, na huenda vizuri kwenye GB 4 za RAM.

Masasisho nayo hukataliwa kwa sababu ya bando. Naielewa sababu hiyo, lakini tukumbuke virusi vya WannaCry, vilivyofunga mafaili ya watu duniani kote kuanzia tarehe 12 Mei 2017 na kudai fedha: Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu lile mwezi Machi mwaka huohuo. Kampuni hiyo hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa hiyo inawezekana kununua bando la usiku la wiki hiyo na kuiacha mashine ipakue, badala ya kuzima masasisho mwaka mzima. Linux Mint huonyesha ukubwa wa kila sasisho kabla ya kulipakua, jambo ambalo mwenye bando dogo atalipenda.

Ipo pia betri ndogo ya duara kwenye bodi mama, CR2032. Ikiisha, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka kadhaa, na kivinjari huanza kudai kuwa tovuti si salama kwa sababu vyeti vyake havilingani na tarehe. Watumiaji hujizoesha kubofya endelea, na siku onyo likiwa la kweli hubofya vilevile. Badilisha betri hiyo siku unayokarabati.

Katika matumizi ya kila siku, fungua akaunti ya kawaida kwa ajili ya familia na uiweke ile ya msimamizi kwa ajili ya kuweka programu tu, tena kwa nenosiri ambalo watoto hawalijui. Flashi iliyotoka kuchapisha kazi kwenye steshenari, hasa zile za karibu na vyuo ambako mashine moja hupokea flashi za wanafunzi kutwa nzima, ipimwe na antivirusi kabla ya kufunguliwa. Ukikuta mafaili yako yamegeuka njia za mkato, hiyo ni dalili ya virusi, usibofye hata moja. Njia iliyo salama zaidi ni kuituma kazi kwa barua pepe, au kwenda na flashi isiyo na kitu kingine ndani yake.

Nakala za mafaili muhimu ziwekwe kwenye diski ya nje inayochomekwa wakati wa kunakili tu, kwa sababu virusi vinavyofunga mafaili hufunga pia kila diski vinayoikuta imechomekwa. Nakala nyingine ikae nyumba tofauti, kwa ndugu au ofisini, ikiwa imefungwa kwa nenosiri. Kila baada ya miezi mitatu chukua faili moja kutoka kwenye diski hiyo, ulifungue, ulisome hadi mwisho, ili ujue kwamba nakala bado ni nzima.