Picha za Mathew Brady: Jina la Studio Si Jina la Mpigaji

Maombi ya nakala za picha za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani bado yanatufikia sisi watunza picha na sharti lilelile: iwe ile aliyoipiga Brady kwa mkono wake. Nia ni njema. Ila Brady, ambaye macho yake yalikwisha kufifia kabla ya vita kuanza mwaka 1861, alikuwa mwenye studio. Aliajiri wapigapicha, akagharimia vifaa, kazi zikatoka kwa jina lake. Maiti wa mapigano ya Antietam, ambao picha zao zilioneshwa kwenye ukumbi wake New York Oktoba 1862, walipigwa picha na Alexander Gardner na James Gibson, waajiriwa wake. Gardner alipojitenga, alitoa kitabu cha picha 100 mwaka 1866 na kutaja mpigaji wa kila moja. Basi andika "studio ya Brady", halafu jina la mpigaji kama kumbukumbu inalo, halafu namba ya negativu, yaani kioo cha asili ambacho picha huchapwa kutokana nacho. Usiiache namba: picha nyingi zinafanana, na pasipo namba hatujui unataka ipi.

Wengine wanataka picha ya mapigano yenyewe. Jamani! Kioo kilipakwa kolodioni, dawa ya majimaji yenye kunata, kikachovywa kwenye nitrati ya fedha, kikaingia kwenye kamera kikiwa kibichi, na kilipaswa kusafishwa kwa dawa ili picha itokee kabla hakijakauka, dakika kumi hivi. Lenzi ilikaa wazi kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo askari anayekimbia hubaki ukungu tu. Ndiyo maana mnaona maiti, mahema na maofisa waliosimama kama nguzo. Hata maiti si ushahidi usiohojiwa: baada ya mapigano ya Gettysburg, 1863, timu ya Gardner ilimpiga picha maiti mmoja sehemu mbili, na mtafiti William Frassanito alionesha kwamba alihamishwa.

Hakimiliki ya picha hizi imekwisha. Chapisha bila kuomba ruhusa. Negativu zenyewe ni jambo jingine. Bunge la Marekani lilimlipa Brady dola 25,000 kwa negativu zake mwaka 1875, zikawa mali ya serikali, na nyaraka za serikali zinalindwa na kifungu cha 2071 cha sheria za jinai za shirikisho. Anayeficha, kuondoa, kukata au kuharibu kwa makusudi hutozwa faini, au hufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili. Kujaribu tu ni kosa. Mtunzaji wa nyaraka akifanya hivyo hupoteza pia wadhifa wake.

Mwenye kioo cha negativu cha zamani nyumbani asikifute, hata kwa kitambaa kikavu. Spiriti huyeyusha vanishi, na picha huondoka nayo. Vaa glavu, shika kingo, kifunge kwa karatasi isiyo na asidi, kisimamishe kwa ubavu mrefu. Kilichovunjika hulazwa, vipande visigusane, na selotepu isikaribie.