Maonyesho ya pamoja si maonyesho ya kundi

Nimesoma tena habari inayosema "kundi la wasanii mashuhuri wa kimataifa limezindua maonyesho yake", na safari hii sitanyamaza. Hapakuwa na kundi lolote. Palikuwa na galari, ukumbi mmoja na kazi za watu tisa ambao kila mmoja anaishi na kufanya kazi kwake. Hayo yanaitwa maonyesho ya pamoja.

Maana yake ni nyepesi. Kazi za wasanii watatu au zaidi zinapowekwa katika ukumbi mmoja kwa muda uliopangwa, hayo ni maonyesho ya pamoja. Wasanii wakiwa wawili, kwa kawaida huitwa maonyesho ya wasanii wawili. Akiwa peke yake, ni maonyesho ya msanii mmoja. Na "wa kimataifa" hapo haina maana ya mgeni kutoka ng'ambo. Ni msanii ambaye kazi zake zimeonyeshwa na kukusanywa katika nchi nyingi, hata kama hajawahi kuhama mtaa aliozaliwa.

Shida yote iko kwenye neno "pamoja", nalo ni neno ambalo lingetosha kutuongoza kama tungelisikiliza. Lina vipande viwili, pa- na -moja. Hiyo pa- ni ya ngeli ya mahali: mahali pale, mahali pazuri, mahali pamoja. Kwa hiyo kwa asili yake "pamoja" linataja mahali, na linasema tu kwamba mahali penyewe ni pamoja. Halijasema watu ni wamoja. Watu wakiwa na shauri moja tunasema "ni wamoja" au "wana umoja", tukitumia wa- ya watu au u- ya hali. Abiria wa basi moja wako pamoja kuanzia kituo cha kwanza mpaka cha mwisho, lakini hakuna anayewaita kundi.

Halafu kuna "kwa pamoja", na hapa ndipo waandishi wengi wanapoteleza. Ukisema wasanii "wameandaa maonyesho kwa pamoja", umesema kwamba walikaa wakashauriana na kugawana kazi na gharama. Katika galari mambo hayaendi hivyo. Anayechagua ni mratibu wa maonyesho au mwenye galari. Yeye ndiye mwenye wazo, ndiye anayeandika barua za kuazima kazi na kuamua ipi itundikwe kando ya ipi. Msanii anaweza kushiriki bila kuwajua wenzake zaidi ya majina yao. Kineno "kwa" kimehamisha uamuzi wote kutoka kwa mratibu na kuwapa watu ambao hawakuufanya.

Ushahidi uko ukutani. Kando ya kila kazi hubandikwa kikaratasi chenye jina la msanii, mwaka aliozaliwa, jina la kazi, mwaka ilipofanywa, vifaa na vipimo. Mara nyingi mstari wa mwisho husema "kwa hisani ya" fulani. Tembea ukisoma mistari hiyo ya mwisho tu. Hapa utakuta hisani ya msanii na galari yake, pale hisani ya mkusanyaji binafsi, mbele kidogo makumbusho. Kila kazi imekuja kwa njia yake, na maonyesho yakifungwa itarudi kwa njia hiyo hiyo.

Makundi ya kweli yapo, na yanastahili jina lao. Mwaka 1874 mjini Paris, wachoraji Monet, Degas, Pissarro, Berthe Morisot na wenzao waliunda chama, wakachangishana fedha na kuonyesha kazi katika vyumba vilivyokuwa studio ya mpiga picha Nadar. Waliandaa maonyesho manane hadi 1886, huku wakigombana na kuachana njiani. Hayo waliyaandaa kwa pamoja, kwa maana kamili. Linganisha na yale ya Bern, Uswisi, mwaka 1969, ambapo mratibu Harald Szeemann aliwaalika wasanii wengi wa Ulaya na Marekani katika Kunsthalle, ukumbi wa sanaa wa mji huo. Leo watu wakiyataja hutaja kwanza jina la Szeemann, kwa sababu yeye ndiye aliyewakusanya. Hawakuwa kundi kabla ya hapo wala baadaye.

Kwa nini nashikilia jambo hili? Kwa sababu neno "kundi" linafuta kile hasa ambacho mtazamaji ameendea. Tuseme mratibu ameweka ukuta mmoja kazi ya El Anatsui, msanii wa Ghana, ile mizibo ya alumini ya chupa iliyounganishwa kwa waya wa shaba mpaka ikalegea kama kitambaa, na mbele yake mchoro wa Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Kenya anayepaka rangi ya mafuta juu ya lubugo, gome lililopondwa likawa nguo, lenye matundu na mishono inayoonekana hata baada ya rangi kukauka. Mmoja ametengeneza kitu kinachofanana na nguo kutokana na metali, mwingine amechukua nguo ya gome na kuifanya uwanja wa picha. Kazi hizo mbili ni kama zinazungumza, na mazungumzo hayo yanazaliwa kwa sababu wasanii wenyewe hawakupatana kuyafanya. Ukiwaita kundi, msomaji ataanza kutafuta kinachowafananisha, na ile tofauti atapita nayo bila kuiona.

Basi tukiandika habari za maonyesho ya namna hii, tuseme tu kwamba galari fulani inaonyesha pamoja kazi za wasanii tisa, kisha tumtaje aliyezichagua. Kama wasanii wenyewe walichangishana na kukodi ukumbi, hapo tuandike "kundi" bila wasiwasi.